Mama Aliyesimulia Shamba Zima

Mwaka 1911 ofisa wa serikali ya Marekani aliyesimamia eneo la Fort Berthold, katika jimbo la Dakota Kaskazini, aliandaa maonyesho ya kilimo. Wenyeji wakatakiwa walete mahindi yao yashindanishwe. Kwa muda mrefu serikali ilikuwa ikiwafundisha kulima kana kwamba hawajawahi kushika jembe: plau ikokotwe na farasi, mwanamume ndiye awe mkulima, mwanamke abaki nyumbani. Zawadi ya kwanza ya mahindi ilikwenda kwa bibi mwenye umri wa miaka 70 na ushei, asiyejua Kiingereza. Ardhi yake ilikuwa mpya na ilipasuliwa kwa plau, ndiyo. Lakini baada ya hapo aliyalea mahindi yale kwa jembe la mkono, vilevile alivyofundishwa na bibi yake na mama zake.

Jina lake lilikuwa Maxidiwiac, na katika vitabu vya Kiingereza huandikwa Buffalo Bird Woman. Alikuwa Mhidatsa, wa taifa la wakulima na wawindaji walioishi kwa karne nyingi kando ya Mto Missouri, wakipakana na Wamandan na Waarikara. Angekuwa amefanya hilo la zawadi tu, habari zake zingeishia kwenye daftari la ofisa. Lakini katika miaka ileile mama huyu alikuwa akifanya jambo kubwa zaidi. Kiangazi hadi kiangazi alikaa na kusimulia kilimo cha wanawake wa Kihidatsa, tangu kufyeka pori hadi kufukia akiba ya chakula ardhini. Alisimulia kwa kina kiasi kwamba mtu akiyafuata maneno yake anaweza kushika jembe na kulima.

Maarifa ya mikono hupotea kwa urahisi kwa sababu hata wenye nayo mara nyingi huyaona kuwa ni kazi tu. Mganga anajua kwamba ana elimu. Mshairi naye anajua. Mwanamke anayechagua mbegu, anayejua siku ya kupanda kwa kutazama majani ya kichaka, na anayeweza kuchimba ghala lisiloingiza maji, huambiwa na ulimwengu mzima kwamba anafanya shughuli za nyumbani. Maxidiwiac hakukubali hesabu hiyo. Aliiona kazi yake kuwa elimu yenye mpangilio, yenye sababu na yenye watu wa kushukuriwa, na akaidai nafasi yake kwa kuieleza yote.

Alizaliwa mnamo mwaka 1839 katika mojawapo ya vijiji vya Knife River, pale mto huo mdogo unapoingia Missouri. Ilikuwa miaka miwili baada ya ndui. Mwaka 1837 maradhi hayo yalipandishwa na meli ya mvuke iliyopeleka bidhaa kwenye vituo vya biashara ya ngozi. Wamandan, waliokuwa wengi, walibaki watu mia moja na kitu tu. Wahidatsa walipoteza karibu nusu ya watu wao. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa mahali ambapo kila nyumba ilikuwa na msiba, na ambapo kila mzee aliyebaki alikuwa amebeba ujuzi ambao pengine watu watano walikuwa nao kabla.

Mwaka 1845 waliosalia walihamia juu zaidi ya mto na kujenga kijiji kipya, Like-a-Fishhook, mahali mto ulipojipinda kama ndoana. Maxidiwiac alikuwa na miaka kama 6, na umri huohuo ndipo mama yake mzazi alipofariki. Hakubaki bila mama. Baba yake, Small Ankle, alikuwa ameoa ndugu wa tumbo moja, nao wote walikuwa mama zake. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili: dada wa mama ni mama, awe mkubwa au mdogo. Kwa Wahidatsa ukoo ulifuata upande wa kike, na nyumba na mashamba vilikuwa mali ya wanawake. Mtoto wa kike alikulia ndani ya kikundi cha wenye shamba, akifanya kazi ubavuni mwa watu ambao siku moja angeurithi wajibu wao.

Aliyemlea zaidi alikuwa bibi yake, Turtle. Wakati huo majembe ya chuma yalikwisha kuenea kijijini kwa njia ya wafanyabiashara, lakini Turtle hakuachana na vifaa vya ujana wake. Alikuwa na muo wa mti mgumu, ncha yake imekazwa kwa moto, wa kuchimbua mizizi na kulainisha udongo. Alikuwa pia na jembe ambalo bapa lake lilikuwa mfupa wa kombe la bega la nyati wa Marekani, limefungwa imara kwenye mpini. Jembe hilo alilitunza chini ya kitanda. Watoto wakilichomoa walichezee, bibi aliwakemea waliache wasije wakalivunja. Maxidiwiac alilikumbuka kemeo hilo zaidi ya nusu karne baadaye, na pamoja na kemeo alikumbuka jinsi mfupa ulivyoshikishwa na mti. Kwa njia hiyo kifaa ambacho karibu kijiji kizima kilikuwa kimekiacha kikafika hadi kwetu.

Sasa tuingie shambani.

Wahidatsa hawakulima nyikani juu, ambako ardhi ni ngumu na nyasi zimeshika mizizi. Walilima bondeni kando ya mto, kwenye miti na vichaka, ambako mafuriko ya miaka na miaka yalikuwa yameacha udongo laini. Wanawake walifyeka, wakatandaza miti na matawi juu ya shamba lote badala ya kuyarundika mahali pamoja, kisha wakachoma. Kulikuwa na sababu ya kutandaza: moto uliopita juu ya eneo zima uliiacha ardhi yote ikiwa laini na rahisi kulimika. Mipaka iliheshimiwa sana. Kugombea shamba lilikuwa jambo la aibu, na waliamini kwamba anayenyang'anya ardhi ya mwenzake atapatwa na mabaya. Palipotokea mkanganyiko kati ya mama zake na wanawake wengine juu ya kipande kimoja, ulimalizwa kwa mazungumzo na zawadi.

Mbegu ya kwanza kutiwa ardhini ilikuwa alizeti, mwezi Aprili, mara ardhi inapolegea baada ya baridi. Ilipandwa pembezoni, kuzunguka shamba. Mwezi Mei yakafuata mahindi. Hapakuwa na kalenda ya ukutani. Wanawake waliangalia kichaka fulani cha matunda ya porini, na majani yake yakikaribia kukunjuka yote, walijua wakati umefika. Baadaye yakaja maboga, kisha maharage. Mbegu za maboga ziliatikwa kwanza nyumbani: zililoweshwa, zikalazwa katikati ya nyasi na majani yenye unyevu, zikafungwa kwenye ngozi ya nyati na kuning'inizwa mahali penye joto hadi zichipue. Ndipo zikapelekwa shambani.

Mahindi yalipandwa kwenye vituta, punje 6 hadi 8 kwa kila kituta, na mwaka uliofuata vituta vilevile vilitifuliwa na kupandwa tena. Nafasi kati ya kituta na kituta ilikuwa kama futi 4. Mwanamke aliyebananisha vituta vyake aliambiwa kwamba mahindi yake yananusana. Mabua yatadhoofika na mahindi yatakuwa madogo. Mavi ya farasi hayakutakiwa shambani kabisa. Mtu aliyesoma kilimo cha shuleni angeona hapo ujinga, maana samadi ni mali. Maxidiwiac alikuwa na hoja yake, na ilitokana na kuangalia: mahali mavi yalipoanguka, mwaka unaofuata palitokea wadudu na magugu ambayo hawakuwa nayo awali. Katika udongo wa bondeni uliorutubishwa na mto wenyewe, samadi ilikuwa na hasara zaidi kuliko faida.

Jambo linalomshangaza msomaji zaidi ni mbegu. Maxidiwiac alitaja aina 9 za mahindi, kila moja kwa jina lake na kazi yake: meupe magumu na meupe laini, ya manjano magumu na ya manjano laini, ya bluu, mekundu ya kukoza, mekundu hafifu, yenye ncha ya waridi, na ya kunata. Yale laini yalifaa kwa unga, na ya kunata yalikaangwa na kutwangwa. Alijua pia kwamba aina mbili zikipandwa jirani huchanganyika. Wahidatsa walisema kwamba mahindi husafiri, kwa hiyo wanawake walitenganisha mashamba ya aina tofauti ili kila mbegu ibaki safi. Hakuhitaji neno la maabara ili ajue la kufanya. Maharage yalikuwa ya namna 5: meusi, mekundu, meupe, ya madoadoa, na yale yenye alama kama ngao.

Mahindi, maharage ya jamii hii na maboga mengi tunayoyajua yalianza kulimwa na watu wa mabara ya Amerika, yakatufikia Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kupita Bahari ya Hindi. Mkulima wa Mbeya au Kakamega anayechanganya mahindi, maharage na maboga katika shamba moja hamjui Maxidiwiac, lakini anafanya kazi na matunda ya uchaguzi wa wanawake kama yeye, waliotenga mbegu msimu baada ya msimu kwa maelfu ya miaka.

Mahindi yakianza kukomaa, shamba lilihitaji walinzi. Wasichana walipanda juu ya dungu lililojengwa karibu na kivuli cha mti, wakaamia ndege siku nzima. Kulikuwa na kunguru, kulikuwa na farasi waliopotea njia, na kulikuwa na wavulana wezi wa mahindi mabichi. Wasichana walishona, wakachoma mahindi, na zaidi ya yote wakaimba. Nyimbo nyingine zilikuwa za utani kwa vijana waliopita njia. Nyingine zilikuwa kwa ajili ya mahindi yenyewe, kwa sababu watu waliamini kwamba mahindi yana roho na hupenda kuimbiwa kama mtoto anavyoimbiwa na mama yake. Wasichana wadogo walichagua boga zuri, wakalibeba mgongoni na kulilea kama mtoto mchanga. Maxidiwiac aliyaeleza haya katika mpangilio uleule alioelezea palizi. Kwake michezo na nyimbo zilikuwa sehemu ya kilimo.

Mavuno nayo yalikuwa na utaratibu. Mahindi yalirundikwa, na mwenye shamba akaalika vijana waje kumenya maganda. Malipo yao yalikuwa nyama na karamu. Kijana alijua kwenda kumenya kwenye rundo la familia ya msichana aliyempenda. Mahindi bora zaidi hayakuondolewa maganda yote. Yalisukwa kwa maganda hayo kuwa mkufu mrefu wa mahindi zaidi ya 50, ukakanyagwa kwa mguu na kuvutwa kuona kama umekazika, kisha ukatundikwa kwenye jukwaa la kuanikia mbele ya nyumba. Maboga yalikatwa vipande vyembamba kwa kisu cha mfupa, yakatungwa kwenye fito za mierebi na kuachwa yakauke. Alizeti zilikaangwa na kusagwa. Unga wake ulifinyangwa kuwa tonge ambalo shujaa alilibeba safarini; akichoka, alimega kidogo. Chakula alichokisifu Maxidiwiac kuliko vyote kilipikwa kwa mazao manne ya shamba kwa pamoja: maharage, maboga makavu, unga wa alizeti na unga wa mahindi.

Kisha lile ghala. Mwanamke alichimba shimo lenye mdomo mwembamba na tumbo pana, mara nyingine refu kiasi cha kuhitaji ngazi ya kushukia. Ndani kulitandikwa nyasi kavu. Mikufu ya mahindi ilipangwa kuzunguka ukuta, punje zilizopukuchuliwa zikamiminwa katikati, na vipande vya maboga, ambavyo huharibika kirahisi kwa unyevu, vikawekwa kiini kabisa ambako mahindi yalivikinga kila upande. Juu pakaja mbao, ngozi, nyasi na udongo, hadi mtu asiyejua apite juu yake bila kushtuka. Hilo lilikuwa na maana kubwa. Wakati wa baridi kali watu walihamia kwenye kambi za msituni, na kijiji kilibaki kitupu, wazi kwa maadui. Chakula kilichofichwa vyema ndicho kilichowapa nguvu ya kuanza mwaka upya.

Kufikia miaka ya 1880 kijiji cha Like-a-Fishhook kilianza kuvunjika. Serikali ilitaka kila familia ikae peke yake kwenye kipande chake cha ardhi, mbali na wenzake. Nyati walikuwa wameangamizwa. Watoto walipelekwa shule ambako lugha yao ilikatazwa. Maxidiwiac alihamia na familia yake sehemu iitwayo Independence, kando ya Missouri, akaendelea kulima kwa njia yake huku mafunzo ya serikali yakimpita.

Mwaka 1906 alifika mgeni. Gilbert Wilson, mchungaji wa Kipresbiteri, alitaka kujua maisha ya Wahidatsa, na baadaye kazi yake ikadhaminiwa na American Museum of Natural History ya New York. Alirudi kiangazi baada ya kiangazi. Wakati ule wasomi wengi walikwenda kwa wenyeji wakiwatafuta wanaume: machifu, wapiganaji, waganga. Wilson alimsikiliza mwanamke, tena kuhusu jembe na mbegu. Maxidiwiac alimfanya mwanawe kwa desturi ya kwao, na tangu hapo maelezo yakawa ya mama anayemfundisha mtoto asiyejua kitu.

Kazi hiyo haikuwa ya watu wawili. Katikati yao alikaa Edward Goodbird, mwana wa Maxidiwiac, aliyezaliwa mwaka 1869, akasoma shule ya misheni na kuwa mchungaji wa kanisa. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani, na yeye pia alichora. Wolf Chief, ndugu wa kiume wa Maxidiwiac, alitoa habari za wanaume: uwindaji, farasi, mitego ya tai. Frederick, ndugu yake Wilson, alichora vifaa na namna ya kuvitumia. Familia nzima ilihusika, na mtu akiyasoma maandishi yao anaona jinsi neno la mama lilivyopita mikononi mwa mwana kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kuna siku moja ya Agosti, ya joto la kuchosha, ambayo Wilson aliiandika. Maxidiwiac alisimulia kwa saa 9. Alipochoka kukaa kwenye kiti alijinyoosha akalala, lakini simulizi haikukatika. Tunapaswa kuitazama siku hiyo kwa makini. Bibi wa miaka zaidi ya 70, amejilaza kwa uchovu, anaendelea kueleza kwa lugha yake jambo lifuatalo, na lifuatalo, kwa sababu likirukwa moja mnyororo unakatika. Huko ni kufanya kazi, na kazi ngumu, sawa na ile ya kupalilia ekari nzima. Tumezoea kuwasifu wazee kwa kumbukumbu zao kana kwamba ni kipaji kilichowashukia tu. Kumbukumbu ya namna hii ina jasho.

Simulizi hizo zilikuwa tasnifu ya Wilson katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ikachapishwa mwaka 1917. Uamuzi wake bora ulikuwa kuyaacha maelezo yabaki katika nafsi ya kwanza: ni Maxidiwiac anayesema nilipanda, nilichimba, bibi yangu alifanya hivi. Mwaka 1921 kikafuata kitabu cha maisha yake, Waheenee. Maelezo yake juu ya ujenzi wa nyumba kubwa za kuba zilizofunikwa udongo, ambazo sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na wanawake, yalichapishwa mwaka 1934, wakati yeye na Wilson wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Maxidiwiac alifariki mwaka 1932.

Haifai kuisimulia habari hii kama urafiki usio na kivuli. Mwaka 1907 Wilson alinunua kutoka kwa Wolf Chief furushi takatifu la ukoo wa Waterbuster, ambalo baba yao, Small Ankle, alikuwa mtunzaji wake, na likaishia katika jumba la makumbusho la George Heye jijini New York. Ukoo haukukubali kwamba kitu kile kilikuwa cha mtu mmoja kuuza. Waliomba, wakadai, wakashikilia kwa miaka, hasa ukame ulipowabana katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 furushi likarudishwa. Mkono uleule uliohifadhi maarifa ya shamba ulisaidia kuondoa kitu ambacho hakikupaswa kuondoka.

Tofauti ya mambo hayo mawili inafundisha mengi kuhusu kile alichokifanya Maxidiwiac. Furushi lilipoondoka, ukoo ulibaki bila furushi. Maarifa ya kupanda alipoyatoa, hakubaki bila nayo, wala binti wa jirani hakunyimwa. Alichagua mwenyewe la kusimulia, kwa kiasi alichotaka, kwa lugha yake, mbele ya mwanawe. Hifadhi ya kweli ilianza hapo, kwenye haki ya mwenye maarifa kuamua kitoke nini na kibaki nini.

Halafu maji yakaja. Kati ya 1947 na 1953 serikali ya Marekani ilijenga Bwawa la Garrison kwenye Mto Missouri. Ziwa lililotokea, ambalo leo huitwa Sakakawea, lilifunika zaidi ya ekari 150,000 za eneo la Fort Berthold, karibu ardhi yote nzuri ya bondeni. Familia zaidi ya 300 zilihamishwa. Mwezi Mei mwaka 1948, mkataba wa kuiachia ardhi ulipotiwa saini mjini Washington, mwenyekiti wa baraza la kabila, George Gillette, alipigwa picha akiwa amefunika uso kwa mkono, akilia. Like-a-Fishhook ilizama. Mashamba ya Independence yalizama. Mwaka 1992 Bunge la Marekani liliidhinisha fidia ya dola milioni 149.2, lakini bonde lenyewe liko chini ya maji.

Watu walipandishwa juu kwenye nyika, kwenye udongo uleule mgumu ambao wanawake wa zamani walikuwa wameukwepa kwa sababu walizozieleza wazi. Hasara hiyo haikuishia kwenye ekari. Elimu ya Maxidiwiac ilikuwa elimu ya mahali: ilijua mafuriko ya mto ule, vichaka vya msitu ule, upole wa udongo ule. Mahali pakiondoka, sehemu ya elimu hukosa pa kukanyaga. Anayesema kwamba yote yalihifadhiwa kwa kuwa yaliandikwa hajasoma alichosema mama huyu kuhusu udongo.

Hata hivyo mbegu zilikuwa zimekwisha kutoka bondeni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Oscar Will, mfanyabiashara wa mbegu wa mji wa Bismarck, alikuwa akinunua na kusambaza mbegu za Wahidatsa, Wamandan na Waarikara, kwa kuwa hakuna mahindi mengine yaliyostahimili majira mafupi ya kaskazini kama hayo. Maharage meupe yanayouzwa leo kote Marekani kwa jina la Great Northern yalitokana na mbegu alizopewa na Mhidatsa aliyeitwa Son of a Star. Maharage yale yenye alama ya ngao nayo yangali yanalimwa na kubadilishwa miongoni mwa watunza mbegu. Mamilioni ya sahani zimejaa kazi ya wanawake wa Missouri, na wengi wanaokula hawajui wamshukuru nani.

Maxidiwiac mwenyewe hakuwahi kuweka mbegu ya msimu mmoja tu. Alitenga ya kutosha miaka miwili, kwa sababu alikuwa ameona miaka ambayo baridi iliwahi kabla mahindi hayajakomaa. Mwaka kama huo ukija, majirani wasio na akiba walimwendea, na alikuwa na cha kuwauzia. Simulizi yake ina tabia hiyohiyo. Ilichapishwa mwaka 1917 wakati wasomaji wake walikuwa wachache, ikakaa, kisha mwaka 1987 ikatolewa tena kwa jina la Buffalo Bird Woman's Garden. Watunza mbegu, wakulima wadogo na wataalamu wa udongo waliichukua na kuitumia.

Wakati huohuo utafiti ulianza kumfikia. Jane Mt. Pleasant, mtaalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichunguza mashamba ya kale ya Wairokwa wa mashariki, yaliyolimwa kwa majembe ya mkono na vituta kama vya Wahidatsa. Alionyesha kwamba udongo usiopasuliwa kwa plau uliitunza rutuba yake, na kwamba mavuno ya mahindi yao yaliyazidi mavuno ya ngano ya Wazungu wa zama hizo. Maxidiwiac alikuwa amekwisha kutoa uamuzi wake mapema. Baada ya kuziona njia zote mbili kwa macho yake, alisema kwamba njia ya zamani ya kulima mahindi ndiyo bora, na akatoa sababu zake.

Leo katika eneo la kihistoria la Knife River, lililowekwa chini ya hifadhi ya taifa mwaka 1974, ipo nyumba ya udongo iliyojengwa upya na bustani ya mazao ya Kihidatsa. Alama za vijiji vya kale bado zinaonekana kwenye nyasi, na wageni hupita wakisoma vibao. Lakini wasomaji halisi wa Maxidiwiac ni wale wanaopiga magoti kwenye udongo, huko Fort Berthold na kwingineko, wakiwa na mbegu mkononi na swali la kiutendaji akilini. Ukitaka kujua kwa nini vituta viachane futi 4, kwa nini boga likae katikati ya ghala, kwa nini aina hii isipandwe karibu na ile, jibu lipo, pamoja na sababu, kutoka kwa mwanamke aliyejibu maswali hayo kwa jembe kabla ya kuyajibu kwa mdomo.